Kutunza na Kutengeneza Pikipiki ya Zamani Nyumbani, Huku Nyanda za Juu

Pikipiki nyingi zinazouzwa mkononi Mbeya, Njombe na Iringa kwa maelezo kwamba "injini imechoka" zina injini nzima kabisa. Kilichochoka ni chujio la hewa, plagi, kabureta iliyojaa matope na valvu ambazo hazijapimwa tangu chombo kitoke dukani. Mwenyewe anaambiwa ovahoo (kufungua injini nzima na kuikarabati), anakosa hela ya ovahoo, anauza kwa bei ya kutupa. Inauma kuona hivyo, kwa sababu kazi yenyewe ingeisha kwa siku moja uani, kwa spana za kawaida.

Mwongozo huu ni wa injini za cc 125 na 150 za pushirodi (valvu zinasukumwa kwa fimbo ndefu), zile za Kichina tulizozizoea, ambazo asili yake ni Honda CG125. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi zenye barabara mbovu na mafundi wachache, na ndiyo maana inavumilia mikono ya nyumbani. Kama yako ni ya taimingi cheni, Boxer au TVS kwa mfano, hatua nyingi ni zilezile, ila vipimo vya valvu chukua kwenye kijitabu chake.

Kanuni yangu ni moja: usifungue injini kabla hujamaliza vya nje. Anza na cheche, nenda kwenye mafuta, kisha hewa, kisha valvu. Baada ya hapo ndipo ufikirie pistoni.

Vya kuwa navyo

Spana namba 8, 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi (plagi ya D8EA inakaa na spana ya milimita 18), plaizi, bisibisi bapa na bisibisi nyota nzuri, brashi ya waya, beseni, mafuta ya taa, matambara, na filageji (majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi). Hiyo filageji usiiruke. Bei yake ni ndogo kuliko gaskiti na tambi za breki ukizijumlisha, na bila hiyo hakuna anayeweza kupima valvu kwa kweli, hata awe fundi wa miaka mingi.

Bisibisi nyota iliyokwisha ncha itakuharibia skrubu za kava za injini. Gonga mpini wake kidogo kwa nyundo kabla ya kuzungusha. Skrubu iliyoganda inashtuka na kuachia.

Baridi ya Juni na Julai inashawishi watu kuingiza pikipiki ndani na kufanya kazi karibu na jiko la mkaa. Usifanye hivyo hata siku moja. Mvuke wa petroli unatambaa chini sakafuni na kufuata moto, na hewa ya mkaa pamoja na moshi wa ekzosi kwenye chumba kilichofungwa inaua mtu bila hata kukohoa. Vaa sweta, fanyia kazi nje.

Isipowaka asubuhi

Kwanza hakikisha unaiwasha inavyotakiwa. Fungua koki ya mafuta, funga choki yote, piga kiki tatu nne taratibu bila kuwasha swichi ili mafuta yavutwe, halafu washa swichi na upige kiki kwa nguvu bila kuzungusha mpini wa mafuta. Ikishika, rudisha choki nusu, na baada ya dakika moja au mbili iachie yote. Moshi mweupe mwepesi unaotoka ekzosi asubuhi ya baridi na kupotea injini ikipata joto ni mvuke wa maji tu. Watu wameuziwa ringi kwa sababu ya mvuke huo. Moshi wa kuogopa ni wa bluu, maana yake oili inaungua. Mweusi ni mafuta mengi.

Ikigoma kabisa, fuata hivi:

1. Fungua plagi uitazame kabla ya kuifuta. Rangi ya kahawia au kijivu ni nzuri. Nyeusi kavu yenye masizi: mafuta mengi au hewa kidogo. Nyeusi yenye utelezi wa oili: oili inapita kwenye ringi au kwenye sili za valvu. Imelowa petroli: mafuta yanafika, cheche ndiyo haipo au ni hafifu. Kavu kabisa wakati umeshapiga kiki sana: mafuta hayafiki.

2. Pima cheche. Futa petroli iliyomwagika, chomeka plagi kwenye kofia yake, ilaze chuma chake kiguse injini mbali na tundu la plagi, piga kiki. Unataka cheche ya bluu inayosikika. Ikiwa nyekundu na nyembamba, jaribu plagi mpya iliyoachwa nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7.

3. Cheche isipotokea hata kwa plagi mpya, zungusha kofia ya plagi itoke kwenye waya, kata nusu sentimita ya waya ule ulioota kutu, rudishia. Angalia swichi ya kuzimia kwenye usukani. Angalia bolti ya koili pale inapogusana na fremu: kutu hapo inatosha kuzima pikipiki. Piga msasa, kaza. CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche, ije mwisho, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa sana na kuharibika kwa nadra.

4. Mafuta. Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki. Yatiririke bila kukatika. Yakianza vizuri kisha yakasita, fungua kifuniko cha tenki. Yakirudi kutiririka, tundu la hewa la kifuniko limezibwa na tope. Litoboe kwa sindano, kazi imekwisha.

Kabureta na mwinuko wetu

Hapa ndipo nyanda za juu zinapotofautiana na Dar es Salaam, na ndipo watu wengi wanapolipia petroli wasiyoitumia. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, mgandamizo wa hewa umepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Kitulo, kwenye mita 2,600, umepungua zaidi ya robo. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga mafuta yaleyale kwa hewa kidogo, injini inashiba mafuta, plagi inakuwa nyeusi, na mlima wa Uyole kwenda Isyonje unapandwa kwa gia ya pili wakati ungepandwa kwa ya tatu.

Sehemu ya nguvu inayopotea kwa mwinuko hairudi, hilo ni jambo la hewa yenyewe. Lakini mafuta yanayopitiliza yanarekebishika.

Anza kwa kuisafisha. Funga koki, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta na ukinge kinachotoka kwenye chupa nyeupe ya maji. Iache itulie, uitazame juani. Maji yanakaa chini yakiwa vidonge vya mviringo vinavyoviringika ukiinamisha chupa, petroli inabaki juu. Tenki lililoachwa nusu usiku kucha kwenye baridi linatoa jasho kwa ndani, na kwenye mvua za masika kifuniko chakavu kinapitisha. Ukikuta maji, mwaga tenki zima, usisafishe kabureta peke yake.

Fungua bakuli. Toa pini ya boya, toa boya pamoja na sindano yake ndogo. Ncha ya sindano ikiwa na mkwaruzo wa kuzunguka, ibadilishe, ndiyo inayofanya petroli imwagike chini pikipiki ikiwa imesimama. Fungua jeti kubwa, kisha jeti ndogo ya silensa (injini inapounguruma bila kupewa mafuta). Hii ndogo ina tundu jembamba sana. Ielekeze juani: lazima uone nukta ya mwanga iliyo duara. Ukiona mwanga wenye kona au huoni kitu, iloweke kwenye petroli, ipulize, na ikibidi pitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Waya usitumie. Waya unapanua tundu, na jeti iliyopanuliwa haina tena dawa.

Ringi ya mpira ya bakuli ikikataa kurudi kwenye mfereji wake, ni kwamba imevimba kwa petroli. Iache kivulini ikauke, itasinyaa yenyewe.

Kabla ya kurudisha, kagua mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiukunja na ukaona nyufa, hewa inaingia hapo bila kupimwa, na silensa haitatulia kamwe.

Sasa marekebisho. Injini ikiwa imepata joto, tafuta skrubu ndogo ya mchanganyiko. Ikiwa upande wa chujio inapima hewa. Ikiwa upande wa injini inapima mafuta. Ikaze taratibu mpaka iguse, bila kulazimisha, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Kutoka hapo izungushe robo kwa robo, huku na huku, utafute pale injini inapounguruma haraka zaidi na laini zaidi. Ukipapata, punguza silensa kwa skrubu yake kubwa mpaka injini itulie bila kuzima.

Kama plagi bado inakuwa nyeusi baada ya chujio kusafishwa, tazama sindano ndefu ya kabureta. Ikiwa na mifereji ya klipu, hamisha klipu mfereji mmoja kwenda juu. Sindano itashuka na mafuta yatapungua. Hatua ya mwisho ni jeti kubwa iliyo ndogo kwa namba moja au mbili. Namba imechongwa kwenye jeti yenyewe, nenda nayo dukani.

Ila fikiria njia zako kwanza. Mtu wa Makete au Njombe asiyeshuka anaweza kupunguza bila wasiwasi. Anayepakia ndizi na mpunga Kyela, karibu mita 500 tu, kisha anapanda hadi Mbeya siku hiyohiyo, asiguse jeti. Injini iliyopunguzwa mafuta kwa ajili ya Kitulo itapata joto kali kule chini na inaweza kula pistoni. Mafuta kuzidi kidogo ni hasara ya mfukoni. Mafuta kupungua ni hasara ya injini.

Chujio la hewa

Vumbi la Julai hadi Oktoba nyuma ya malori ni mchanga wa kusaga. Likipita kwenye kabureta linaenda moja kwa moja kwenye ringi na ukuta wa silinda. Wapo wanaotoa chujio kabisa wakisema pikipiki "ipumue". Inapumua kweli, miezi michache, halafu inaanza kutoa moshi wa bluu.

Chujio la sponji lioshe kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, likaushe kabisa, lidondoshee oili kidogo ya injini, likamue lisichuruzike. La karatasi usilioshe, likung'ute tu, na likishakuwa jeusi nunua jingine. Kiangazi lifungue kila wiki.

Oili

Imwage injini ikiwa ya moto. Injini hizi zinachukua lita moja au pungufu kidogo, kwa hiyo oili ni chache na inachoka haraka: badilisha kila kilomita 1,500 hadi 2,000. Kwenye kifuniko kikubwa cha chini kuna chujio la waya na springi yake. Vioshe na ukumbuke vilivyokaa. Wakati wa kukaza usitumie nguvu ya bega, nyuzi ni za aluminiamu na zikichubuka umejitafutia kazi ya welding.

Kwa baridi ya Njombe, Makete na Mbeya mimi nachagua 10W-40 au 15W-40, kwa sababu 20W-50 asubuhi ni nzito na inachelewa kufika juu kwenye rokamu, ile mikono inayobonyeza valvu. Injini iliyolegea ringi, inayofanya kazi mabondeni, 20W-50 inaifaa. Chochote utakachochagua, kopo liwe na maandishi JASO MA. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili za magari zenye dawa ya utelezi zinafanya klachi iteleze.

Oili ya zamani usiimwage kabla ya kuisoma. Paka kidogo kwenye vidole, tazama juani. Vumbi la kung'aa kidogo ni la kawaida kwa chombo kizee. Vipande unavyoweza kuvishika ni bering au gia. Rangi ya maziwa ni maji: ama umevuka mto uliojaa, ama unaendesha safari fupi fupi kwenye baridi na injini haipati joto la kutosha kukausha jasho lake. Na isimwagwe mtaroni. Oili iliyotumika ina wanunuzi, na hata kupaka nguzo za banda dhidi ya mchwa inafaa.

Valvu: kazi inayookoa injini

Kijana wa Igawilo alikuja uani anasukuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ina nini?"

"Asubuhi inawaka. Ikishapata moto nikazima, haiwaki tena mpaka ipoe. Nimeambiwa ovahoo."

Tuliiacha ipoe, tukafungua kifuniko cha juu, tukapima. Valvu ya ekzosi haikuwa na nafasi hata ya karatasi. Ikipata joto ilikuwa haifungi, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inavuja. Tuliirekebisha, akaondoka anaendesha, na ringi zake zilezile.

Shida ya valvu ni kwamba iliyolegea inapiga kelele, tiki tiki tiki, na mwenye pikipiki anakimbilia kuikaza mpaka inyamaze. Iliyokaza hainaga kelele, na hiyo ndiyo inayoungua. Kelele kidogo ni afya.

Fanya hivi, injini ikiwa imelala usiku kucha na ni ya baridi kabisa:

1. Fungua plagi ili injini izunguke kirahisi. Fungua kifuniko cha rokamu, na vizibo viwili vya kava ya magneti upande wa kushoto.

2. Kwa soketi, zungusha magneti kinyume cha saa huku ukichungulia tundu la juu. Utaona alama zimechongwa, F na T. Simamisha T, alama ya pistoni kuwa juu kabisa, sawasawa na alama ya kwenye kava.

3. Shika rokamu zote mbili kwa vidole. Lazima zote zicheze kidogo. Ikiwa moja imekaza, pistoni iko juu kwa zamu isiyo yake. Zungusha mzunguko mmoja kamili, urudi kwenye T. Watu wengi wanaruka hatua hii na kurekebisha valvu iliyo wazi.

4. Pitisha jani la filageji la 0.08 kati ya rokamu na ncha ya valvu. CG inataka 0.08 kote kuwili, ya kuingiza na ya ekzosi. Kijitabu chako kikisema tofauti, kifuate. Jani lipite kwa kuburuta kidogo, kama noti unayoivuta chini ya kitabu.

5. Likikataa au likipita bure, legeza nati, zungusha skrubu ya kati, kisha ishikilie isisogee huku ukikaza nati. Pima tena. Karibu kila mara kukaza nati kunabadilisha kipimo, kwa hiyo rudia mpaka kikae baada ya kukaza.

6. Zungusha injini mara mbili kamili, rudi T, pima mara ya mwisho. Rudisha vifuniko.

Rudia kazi hii kila kilomita 3,000 hivi kwa injini ya mzigo.

Cheni na breki

Cheni icheze sentimita 2 hadi 3 katikati, na uipime sehemu mbalimbali huku ukizungusha tairi, kwa sababu ya zamani haikulegea sawasawa. Rekebisha kwa ile sehemu iliyokaza zaidi. Meno ya sproketi yakishapinda kama ndoano, badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja. Cheni mpya kwenye meno ya zamani haidumu. Ipake oili jioni ukitoka safari ingali na joto. Baada ya tope la masika, ioshe kwanza kwa mafuta ya taa.

Breki zetu zinafanya kazi zaidi kuliko za pwani. Mlima Kitonga, au ule mteremko wa kutoka Kitulo, haushukwi kwa neutro. Weka gia uliyopandia, injini ikushikie, breki ziguse tu, maana zikishapata moto sana zinakosa kushika. Mshale mdogo kwenye mkono wa breki ukifikia alama ya mwisho kwenye hab, tambi zimekwisha. Zikibaki chini ya milimita 2 usisubiri. Ukifungua hab, vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo. Lifute kwa tambara lililolowa, mapafu ni yako.

Tairi, nati za ekseli, spoki zilizolegea, maji ya betri: kagua siku ya kuosha, havina maelezo marefu. Betri iliyotulia isome volti 12.4 na kuendelea. Injini ikipigwa resi ipande kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, tatizo ni la kuchaji, na betri mpya itakufa vilevile.

Kujua kama ni kweli ringi

Kabla ya kukubali ovahoo, fanya jaribio hili. Injini ikiwa ya joto, zima swichi, bonyeza kiki kwa mkono taratibu na usikie uzito wake. Kisha toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kwenye tundu, rudisha plagi, bonyeza tena. Uzito ukiongezeka waziwazi, ringi au silinda vimelika, oili imeziba pengo. Usipobadilika, kompresheni inapotelea kwenye valvu au gaskiti ya hedi, na silinda haina kosa.

Ikiwa ni ringi, kuzibadilisha nyumbani kunawezekana, lakini silinda ipelekwe kwa mwenye vifaa vya kupimia. Ikiwa imelika, inachongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, 0.25 au 0.50, na pistoni inunuliwe kwanza ndipo silinda ichongwe kuifuata. Ringi mpya ndani ya silinda iliyokuwa yai hazitafunga. Mlio mzito wa chini, gonga gonga unaopanda na resi, ni bering ya konrodi, fimbo inayoshika pistoni. Hiyo inahitaji presi, usiijaribu uani. Gia inayoruka vivyo hivyo.

Ukienda kwa fundi, mweleze ulichokwisha kupima: cheche ipo, valvu 0.08, kompresheni imepanda kwa oili. Mwombe akurudishie vyuma vya zamani. Dukani Mwanjelwa au Njombe nenda na kipande chenyewe mkononi, ukilinganishe na kipya juu ya kaunta kabla ya kulipa, kwa sababu pistoni za 125 na 150 zinafanana kwa macho: ya kwanza ni milimita 56.5, ya pili ni 62. Na ukishafunga ringi mpya, kilomita 500 za kwanza usizungushe mpini wa mafuta mpaka mwisho wala usipakie abiria wawili kupanda mlima; oili ya kwanza imwage mapema, kwenye kilomita 300, ukatazame kilichobaki kwenye chujio la waya.